Unga wa magadi unapulizwa, salfa haishuki: tuanzie wapi?

Saa nane usiku. Mzigo wa boila umeshushwa, nusu ya mashine zimelala, na kwenye skrini namba ya dioksidi ya salfa inapanda taratibu kuelekea kikomo cha kibali. Opereta anafanya ambacho karibu kila mtu angefanya: anaongeza unga wa magadi unaopulizwa ndani ya moshi ili kuinasa gesi hiyo. Namba inasita kidogo, kisha inaendelea kupanda. Anaongeza tena. Kunapopambazuka, unga wa siku mbili umekwisha, juu ya dohani kuna moshi wa rangi ya chai ya rangi, na majirani wameanza kupiga simu.

Nimewahi kuwa opereta huyo. Ilinichukua muda kuelewa kwamba usiku ule unga ulitosha tangu mwanzo. Kilichopungua kilikuwa joto. Kwa hiyo sharti langu ni moja na nitalirudia: kiasi cha unga ndicho kitu cha mwisho kuguswa. Kwanza fuata safari yake, kutoka silo, yaani ghala lake refu, hadi kwenye kichujio kinachonasa jivu na vumbi, uone umepotelea wapi.

Kinachotokea ndani ya njia ya moshi

Trona ni magadi ghafi, yale yale yanayochimbwa Ziwa Magadi kule Kajiado, na yanayotanda kama ganda juu ya Ziwa Natron. Akiba kubwa kuliko zote zinazojulikana iko chini ya ardhi ya Green River, jimbo la Wyoming, Marekani. Mitambo ya umeme wa makaa ya mawe ya nchi hiyo ndiyo iliyoupa unga huu umaarufu, hasa baada ya kanuni za mwaka 2012 kuhusu zebaki na gesi za asidi. Ulaya, kwenye matanuri ya kuchomea taka, wamependelea zaidi bikaboneti ya sodiamu, ile ile inayotiwa kwenye keki, inayosagwa palepale mtamboni muda mfupi kabla ya kupulizwa.

Aliyewahi kukaanga bisi ataelewa upesi. Punje ya trona au bikaboneti ikiingia kwenye moshi wa nyuzi 135 za Selsiasi au zaidi, maji na kaboni dioksidi vilivyofungwa ndani yake vinatoka kwa kasi na kuacha vitundu vingi visivyoonekana kwa macho. Kinachobaki ni kaboneti ya sodiamu yenye eneo kubwa la kufanyia kazi. Dioksidi ya salfa inaingia vitunduni, inageuka sulfaiti, kisha oksijeni iliyomo kwenye moshi inaifanya sulfeti, chumvi kavu inayonaswa pamoja na jivu. Yote hayo yana sekunde moja au mbili tu kabla moshi haujafika kwenye kichujio.

Hesabu yake si ngumu. Kila molekuli ya dioksidi ya salfa, SO2, inahitaji atomu mbili za sodiamu. Kwa uzito, kilo moja ya SO2 inadai kilo 2.63 za bikaboneti safi, au kilo 2.35 za trona safi. Boila linalochoma tani 10 za makaa kwa saa, yenye salfa asilimia 1, linatoa karibu kilo 200 za SO2 kila saa. Kuikamata yote kwenye karatasi ni kilo 470 za trona kwa saa. Mtamboni utahitaji zaidi ya hapo, hasa ukiwa na kichujio cha umeme, kile kinachonasa vumbi kwa bamba zenye umeme. Kwenye mifuko ya kuchujia hali ni nafuu, kwa sababu unga uliotanda juu ya kitambaa unaendelea kufanya kazi huku moshi ukipita katikati yake.

Andika hesabu ya boila lako na uibandike ukutani, mbele ya opereta. Mtu anayeona kwamba tayari anapuliza mara tatu ya hesabu hataongeza tena bila kujiuliza.

Namba imepanda, au imeshuka bila sababu

Anza na chombo cha kupimia. Nimeona watu wakifungua mabomba siku nzima kwa ajili ya hitilafu iliyokuwa kwenye kabati la vipimo.

Hitilafu inayodanganya zaidi ni ile inayofurahisha. Vumbi la sodiamu likijikusanya kwenye kichujio kidogo cha ncha ya kuchukulia sampuli, linakuwa mtambo mdogo wa kusafisha: moshi unapita ndani yake, SO2 inaliwa palepale, na chombo kinasoma chini ya ukweli. Dalili yake ni mchoro wenye meno ya msumeno. Kila hewa ya kompresa inapopuliza ncha kuisafisha, namba inaruka juu, kisha inashuka pole pole mpaka usafishaji unaofuata. Ukweli uko kwenye ile namba ya juu. Mvuke uliopoa na kugeuka maji ndani ya bomba la sampuli nao unayeyusha SO2, hivyo angalia kama hita ya bomba hilo inafanya kazi urefu wote, hasa kwenye viungio.

Namna ya kuhakikisha ni kupeleka gesi ya kusahihishia chombo hadi kwenye ncha yenyewe, ipite kwenye kichujio na bomba zima. Ukiiingiza moja kwa moja kwenye chombo umepima chombo tu. Gesi ikisomeka vizuri chomboni lakini ikasomeka pungufu, au ikachelewa kufika, ukiipitisha njia ndefu, tatizo umelipata.

Jambo la pili ni oksijeni. Mlango wa ukaguzi uliolegea au gasketi iliyokatika inaingiza hewa, na hewa inaupunguza moshi makali bila kuondoa chochote. Chukua miligramu 300 za SO2 kwa kila mita ya ujazo ya moshi, kwa oksijeni ya asilimia 6. Hewa ikivuja mpaka oksijeni ifike asilimia 9, namba ghafi inashuka hadi 240. Hewa safi ina oksijeni asilimia 21, kwa hiyo ukiisahihisha, 240 mara 15 (21 toa 6) gawanya kwa 12 (21 toa 9), unarudi 300 ile ile. Anayesoma namba ghafi atashangilia bure. Uvujaji huo pia unapoza moshi, na baridi ndiyo adui anayefuata.

Hali inaharibika usiku au mzigo ukiwa mdogo

Tatizo likija na kuondoka kwa saa maalumu, fikiria joto kabla ya kitu kingine. Boila likipunguzwa, moshi unapoa. Ukishuka chini ya nyuzi 135 pale unga unapoingilia, punje hazifunguki vizuri, na unga unapita kama mchanga hadi kichujioni.

Usiiamini thamokapo moja, yaani kipimajoto kimoja cha waya. Baada ya kipasha hewa kinachozunguka, kile kinachotumia joto la moshi kupasha hewa inayoingia kwenye boila, upande mmoja wa njia ya moshi unaweza kuwa na joto kuliko mwingine kwa makumi ya nyuzi, na kipimo cha katikati kitakuonyesha wastani unaopendeza. Pitisha kipimajoto kwenye matundu ya ukaguzi, kushoto, katikati, kulia, juu na chini, mzigo ukiwa mdogo na ukiwa mkubwa. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja, nami sijaona nyingine iliyonilipa kama hiyo: tulikuta mabomba mawili kati ya sita yakipuliza upande uliopoa, kwa hiyo theluthi ya unga wetu ilikuwa inakwenda jivuni ikiwa nzima kila usiku.

Tiba ni kuufuata moto. Inawezekana kuhamishia baadhi ya mabomba kabla ya kipasha hewa, ambako moshi una joto zaidi, au kupitisha sehemu ya hewa pembeni ya kipasha hewa ili moshi usipoe mno. Lakini kabla ya kuhamisha jiulize kuhusu trioksidi ya salfa, SO3. Ikiwa nyingi na unga ukiwa mchache, inatengeneza bisulfeti ya sodiamu, chumvi inayonata, na kipasha hewa kinaanza kuziba. Ukiona tofauti ya presha kati ya pande mbili za kipasha hewa inapanda wiki baada ya wiki tangu uhamishe mabomba, umeshapata jibu. Moto nao una kikomo: kwenye joto la juu sana vitundu vya punje vinajifunga tena, na faida inapotea.

Skrini inasema unga unatoka

Skrini inajua mzunguko wa skrubu inayotoa unga kwenye silo. Haijui kama skrubu imebeba kitu. Unga mwembamba una tabia mbili ndani ya silo: kujenga daraja juu ya mdomo wa kutokea, au kutoboka shimo jembamba katikati huku kandokando kukiwa kumegandamana. Kwa hali zote mbili skrubu inazunguka patupu.

Linganisha na mizani. Silo ikipungua kilo 300 kwa saa wakati skrini inadai 450, amini mizani. Kama silo haina mizani, kinga unga unaotoka kwa dakika moja, upime, uzidishe kwa 60. Ni njia ya kizamani na haijawahi kunidanganya.

Kwa nini umegandamana? Mara nyingi ni unyevu ulioingia na hewa ya kulainisha unga chini ya silo, kwa kuwa kikausha hewa kimekufa na hakuna aliyekiangalia. Mara nyingine ni joto. Trona na bikaboneti huanza kuoza taratibu kuanzia kwenye nyuzi 50 na kitu, na silo ya chuma isiyo na kivuli, ikikaa na mzigo ule ule kwa wiki nyingi, inatosha kuanzisha mchezo huo. Vali ya kuzunguka iliyolika kingo nayo inavujisha hewa ya bomba kurudi juu, na hewa hiyo inauzuia unga kushuka. Ukisikia mpumuo ndani ya hopa, ile faneli ya chini, kila bawa la vali linapopita, vali ndiyo hiyo.

Mtu asiingie kwenye silo kuvunja daraja, hata kwa dakika moja, hata akiwa na kamba. Unga ukianguka unamfunika mtu haraka kuliko wenzake wanavyoweza kumvuta. Gonga kwa nje, tumia hewa, au ikabidhi kazi hiyo kampuni yenye vifaa. Vumbi lenyewe lina ukali wa magadi: linawasha macho na koo, kwa hiyo miwani iliyofunga na barakoa havina mjadala.

Ikiwa silo yako ilikuwa ya chokaa kabla ya kuwekwa trona, isafishe yote, mabomba pia. Chokaa iliyozimwa na kaboneti ya sodiamu vikikutana na unyevu vinatengeneza magadi makali yanayounguza ngozi, na gaga gumu kama saruji. Kuyapitisha yote mawili kwenye bomba moja, hata kwa zamu, ni kujitafutia matatizo.

Mabomba yanaziba kila mara

Hapa ndipo mafundi wengi wanapopoteza wikendi zao, na chanzo mara nyingi ni hewa ya kusafirishia.

Blowa, mashine inayosukuma hewa ya kubeba unga, inapokandamiza hewa inaipasha moto. Siku ya joto, hewa inaweza kutoka ikiwa imezidi nyuzi 100 kwa urahisi. Mwaga trona kwenye hewa hiyo na utakuwa umeanza kukaanga bisi ndani ya bomba badala ya ndani ya moshi. Maji na kaboni dioksidi vinatoka, bomba linapoa mbele kidogo, na vitu vile vinaungana upya kuwa fuwele zinazoshikana ukutani. Gaga huanzia kwenye kona, halafu kwenye kigawanyo kinachogawa unga kwa mabomba madogo. Likianza, bomba linabana, presha inapanda, blowa inafanya kazi zaidi, hewa inazidi moto. Tatizo linajilisha lenyewe.

Kwa hiyo baada ya blowa lazima kuwe na kipoza hewa kinachofanya kazi, na kikausha hewa. Lengo ni hewa isiyozidi nyuzi 55 hivi pale inapokutana na unga. Weka kipimajoto hapo, chenye kengele. Mitambo mingi niliyoiona ilikuwa na kipoza, ila mapezi yake yalikuwa yameziba vumbi na maji yake yamefungwa tangu ukarabati uliopita.

Mahali pa pili pa kuziba ni ndani ya bomba la kupulizia, ile sehemu iliyozama kwenye moshi. Linapoishi huko, kinacholipoza ni mkondo wa hewa na unga wake. Kigawanyo kikianza kulinyima mgawo wake, mkondo unapungua, bomba linapata moto, unga unafunguka na kunata ndani yake, na ndani ya saa chache limekufa. Kwa hiyo ukikuta bomba moja limeziba, usiishie kulizibua. Rudi kwenye kigawanyo uone kwa nini lilinyimwa.

Kulitambua hakuhitaji chombo cha gharama. Weka kiganja chenye glavu kwenye kila bomba nje ya njia ya moshi. Lenye unga linatetemeka kidogo na kuna sauti ya mchanga ndani yake. Lililoziba limetulia, na karibu na flanji limekuwa la moto kwa sababu hakuna mkondo wa kulipoza. Fanya hivyo kila zamu, andika namba ya bomba.

Jambo jema kuhusu gaga la sodiamu ni kwamba linayeyuka kwenye maji. Acha nyundo. Fungua bomba, lioshe kwa maji ya uvuguvugu, kisha likaushe kabisa kwa hewa kabla ya kulirudisha. Bomba lililorudishwa na unyevu ndani litaziba kabla hujamaliza kuandika ripoti.

Unga unafika, joto lipo, bado haishuki

Sasa tazama punje. Bikaboneti inafanya kazi vizuri ikiwa imesagwa hadi sehemu kubwa ya punje zake iko chini ya mikroni 20 au 30 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Trona inayoletwa kwa lori huwa na ukubwa wa kati wa mikroni 30 hivi, na wengi huisaga zaidi hadi mikroni 10 au 15. Punje kubwa inafanya kazi kwenye ganda lake la nje tu. Kiini kinakwenda jivuni kikiwa salama. Pini za kinu cha kusagia unga zikilika hakuna kengele inayolia. Ampea za mota zinashuka kidogo, na matumizi ya unga yanapanda mwezi hadi mwezi. Peleka sampuli maabara ulinganishe na ya siku kinu kilipokuwa kipya, na kama hukuiweka sampuli ya siku hiyo, anza kuiweka leo. Kinu kinachotetemeka kuliko zamani huenda kina gaga kwenye rota: kisimamishe na ukioshe.

Kisha mchanganyiko. Moshi unaopita mahali ambapo hakuna unga hautasafishwa hata ukimwaga lori zima upande wa pili. Pima SO2 kwenye matundu kadhaa ya njia ya moshi, kabla ya kichujio, ukilinganisha pande. Ukikuta kushoto miligramu 150 na kulia 700, unajua mahali pa kushughulikia: urefu wa mabomba, pua za mabomba zilizolika, au bawa la kuongozea moshi lililojaa lundo la jivu.

Angalia pia kilichomo ndani ya moshi. Salfa ya makaa ikipanda kutoka asilimia 1 hadi 1.5, lile boila letu la tani 10 linadai bikaboneti kilo 790 hivi badala ya 525, na skrubu yako huenda haifiki huko. Kwenye matanuri ya taka mwizi ni asidi ya hidrokloriki. Inaikimbilia sodiamu kwa kasi kuliko SO2, kwa hiyo siku taka zinapokuwa na plastiki nyingi ya PVC, unga unaliwa na klorini kwanza na salfa inabaki na makombo. Hapo kuongeza unga ni halali, kwa sababu sasa unajua unaongezea nini.

Soma rangi ya moshi

Kabla ya kubishana kuhusu moshi, toka nje uutazame, ikiwezekana jua likiwa nyuma yako.

Moshi mweupe unaoanza mbali kidogo na mdomo wa dohani na kutoweka hewani ni mvuke wa maji. Wa kijivu unaoanza mdomoni na kusafiri mbali ni vumbi: mfuko umepasuka, au kichujio cha umeme kimelemewa. Wenye ubuluu, unaojitokeza kadiri moshi unavyopoa na kukaa muda mrefu, ni matone ya asidi ya sulfuriki kutokana na SO3. Na ule wa kahawia au rangi ya chungwa, unaoonekana tangu mdomoni lakini unaona mawingu kupitia kwake, ni dioksidi ya naitrojeni, NO2.

Huo wa mwisho tunautengeneza sisi. Sodiamu inapokamata salfa, misombo ya katikati inasaidia monoksidi ya naitrojeni, ambayo haina rangi, kugeuka NO2 yenye rangi. Bikaboneti inafanya hivyo zaidi ya trona, na unga ukizidi tatizo linazidi. Jumla ya oksidi za naitrojeni inaweza isiwe imepanda hata kidogo, ila sasa inaonekana kwa kila mtu. Inasikitisha sana kwa sababu wanaoiona ni watu wanaoishi chini ya dohani, na wana haki ya kuogopa: NO2 inaumiza mapafu.

Hatua ya kwanza ni kupunguza unga, taratibu, hadi rangi ififie, huku ukitafuta ufanisi uliopotea kwenye joto, usagaji na mchanganyiko. Ya pili ni kushughulikia moto wenyewe, maana NO ikiwa chache kutoka kwenye vichomeo, hakuna cha kugeuza. Mahali ambapo hayo hayatoshi, sehemu ya kazi inaachiwa chokaa iliyozimwa, yenye mfumo wake pekee, kwa kuwa chokaa haileti rangi hiyo. Kama mtambo unapuliza pia mkaa hai, unga wa mkaa wenye vitundu, kwa ajili ya kunasa zebaki, fahamu kwamba NO2 inaupunguzia mkaa huo nguvu, na hasara inakuwa mbili.

Vichujio vinalalamika

Kwenye kichujio cha umeme, sodiamu kwa kawaida ni rafiki: inapunguza ukinzani wa jivu kwa umeme, na jivu linanaswa kwa urahisi zaidi. Cheche zikiongezeka baada ya kuanza kupuliza, shuku wingi wa vumbi kwenye sehemu ya kwanza, au hopa iliyojaa hadi kufikia bamba. Umeongeza mamia ya kilo kwa saa. Je, ratiba ya kuondoa jivu imebadilishwa?

Kwenye mifuko, kosa la kawaida ni usafi wa kupita kiasi. Tando la unga juu ya kitambaa ndilo linalofanya sehemu kubwa ya kazi. Ukipuliza mifuko kila dakika chache ili presha ionekane nzuri, unalitupa tando likiwa bado zima, na SO2 inapanda kila baada ya usafi. Safisha presha inapofika kiwango ulichopanga, uliache tando lijengeke. Presha inayopanda na haishuki hata baada ya kusafisha ni suala jingine: tando limelowa, aghalabu wakati wa kuwasha boila likiwa baridi. Usianze kupuliza kabla mifuko haijapata joto. Hopa nazo zinahitaji hita na blanketi la kuzuia baridi, kwa kuwa jivu lenye chumvi za sodiamu likipoa linanyonya unyevu na kuwa tofali.

Mnunuzi amelikataa jivu

Anayelinunua kwa ajili ya saruji ana sababu. Sodiamu nyingi inasumbua saruji, na alkali inaweza kushambulia kokoto ndani ya zege miaka baadaye. Lakini linalonisumbua zaidi ni maji. Chumvi hizi zinayeyuka, na ukali wa alkali unasaidia aseniki na seleniamu zilizomo kwenye jivu la makaa kutoka pamoja nazo. Jivu la aina hii halistahili kumwagwa kwenye shimo lisilo na utando chini, mahali ambapo visima viko jirani. Kama jivu lako la zamani lilikuwa linauzwa, nasa jivu kwanza, ndipo upulize sodiamu mbele ya kichujio cha pili. Ulaya baadhi ya matanuri ya taka yanafanya hivyo, na mabaki ya sodiamu yanapelekwa kwenye viwanda kama cha Rosignano nchini Italia, yanayeyushwa, yanachujwa, na maji ya chumvi yanarudi kutengeneza magadi mapya.

Jaribio la ngazi

Ukishasahihisha ulichokiona na bado huna uhakika, fanya jaribio hili. Shika mzigo wa boila pale pale, makaa ya aina moja. Zima unga, andika SO2. Kisha panda ngazi kwa ngazi: robo ya hesabu yako ya ukutani, nusu, hesabu kamili, moja na nusu, mbili. Kwenye kichujio cha umeme majibu yanakuja kwa dakika; kwenye mifuko subiri saa kadhaa kila ngazi, kwa kuwa tando linajengeka pole pole, na usimamishe usafi wa mkono wakati wa jaribio. Chora.

Mstari ukishuka vizuri halafu ukalala, unga ni mzuri ila kuna moshi haukutani nao: rudi kwenye mabomba na pua. Ukishuka kivivu tangu ngazi ya kwanza, unga wenyewe ni mbovu au umepoa: kinu, joto, silo. Usipotikisika kabisa ngazi za mwanzo kisha ukaanza kushuka, kuna kitu kinakula kabla ya salfa, au skrubu haitoi chochote kwenye mwendo mdogo. Kinga, pima kwa dakika moja, utajua ni lipi. Uhifadhi mchoro huo pamoja na tarehe, joto la pande zote na matokeo ya maabara ya unga wa siku hiyo, kisha urudie jaribio kinu kikibadilishiwa pini au makaa yakibadilika.